Baba wa Kwenye Kadi

Mjomba wangu alipata ugonjwa wa sukari mwaka uleule kiwanda chake kilipopata mwekezaji. Mwekezaji alikaa miaka miwili, akaondoka. Sukari ikabaki.

Nasema hivi bila uchungu, maana miaka ile kila mtu Morogoro alikuwa na mjomba wa aina hiyo. Mji wetu ulikuwa wa viwanda. Tukalala, tukaamka, ukawa mji wa watu waliowahi kufanya kazi kiwandani. Pale kiwandani kulikuwa na zahanati, na mganga wa zahanati ndiye aliyempima mjomba mkojo, akamwandikia vidonge, akamwambia aache soda. Vidonge vilikuwa vya bure, kama sare na chakula cha mchana. Mwekezaji alipoingia aliona zahanati haizalishi kitu, akaigeuza stoo. Mjomba akapewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake, akapanda milimani kwetu, njia ya Kinole, kwenye migomba ya ukoo na kwa dada yake, ambaye ndiye mama yangu.

Mimi nilibaki mjini, karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafaili ambayo wakubwa walikuwa wameyakalia na kuwaambia yamepatikana bila kusema yalipatikana wapi. Mdomo ninao, sikatai. Nilistaafu na cheo kilekile nilichoanza nacho.

Kwa asiyetujua, sisi Waluguru mtoto ni wa mama yake. Ukoo ni wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamume mwenye sauti juu yako ni mjomba. Baba ni mtu wa heshima: anasalimiwa, anapewa kiti, halafu mambo yanaendelea. Mjomba ndiye aliyenisomesha kwa mshahara wa kiwandani. Ndiye aliyekaa na wakwe zangu kuzungumza mahari. Ndiye aliyeteremka mjini siku moja kumwambia mume wangu, kwa upole sana, kwamba ngumi zake azitafutie kazi nyingine, na mume wangu akazitafutia. Baba yangu mzazi aliachana na mama nikiwa bado nanyonya, akaenda kuoa Mikese, akawa fundi baiskeli pale kituoni. Nilikuwa na jina lake nyuma ya jina langu, na marahaba yake mara moja au mbili kwa mwaka, msibani. Sikuwa na ugomvi naye. Sikuwa na chochote naye.

Sasa, serikali haikuwa na roho mbaya. Ilipotangaza kwamba matibabu tutachangia, ilitangaza pia kwamba wenye magonjwa yasiyopona wasamehewe, na sukari ilikuwamo. Ilitakiwa barua tu ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba mgonjwa ni mgonjwa kweli na uwezo hana. Barua yenyewe ilitakiwa iwe mpya kila baada ya miezi michache, nadhani kwa matumaini kwamba ugonjwa usiopona ungekuwa umepona. Mjomba akawa anateremka mlima na barua yake kwenye mfuko wa nailoni, analala kwangu, asubuhi tunakwenda hospitali. Kliniki ya sukari na ya presha ilikuwa siku moja, Jumanne. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la msamaha. Ndivyo lilivyoitwa, benchi la msamaha, utadhani wote tuliokaa pale tulikuwa tumeiba kuku wa mtu.

Na msamaha ulikuwa wa kweli kabisa. Hakuna siku mjomba aliyodaiwa hata senti. Kilichokuwa hakipo ni dawa. Dawa ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka lenye feni na kabati za vioo, duka ambalo halikuwahi kuishiwa hata mara moja kwa miaka yote niliyolifahamu.

Nilipoweza, tulinunua. Nisipoweza, mjomba alikunywa maji ya majani machungu aliyochemshiwa na mama, akasema yanasaidia. Hayakusaidia. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilianza kuwa cheusi, na daktari akatuambia, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, kwamba mzee asipopata dawa kila siku, mwaka huu kitaondoka kidole na mwakani utaondoka mguu. Mjomba alikuwa mtu wa milimani. Kwetu nyumba iko juu, shamba liko juu zaidi, na maji yako chini. Mtu asiye na mguu hafiki shambani, hafiki msikitini, na chooni anabebwa. Nilianza kuogopa Jumanne kama mtoto anavyoogopa sindano.

Hapo ndipo bima ikaja. Watumishi wote wa serikali tuliitwa ukumbini kwenye semina. Tukapewa soda na maandazi mawili mawili, na ofisa mmoja kijana mwenye suti ya kijivu akatueleza kwamba kuanzia sasa mishahara itakatwa kidogo, na sisi na wategemezi wetu tutatibiwa bila kutoa kitu mfukoni. Hata kwa maradhi ya kudumu, akasema, tena hasa kwa maradhi ya kudumu. Wenzangu walinung'unikia makato mpaka soda zikaisha. Mimi mkono wangu ulikuwa juu tangu aliposema kudumu.

"Mjomba naye anaingia?" nikauliza.

"Hapana, mama. Mwenza wako, watoto na wazazi. Baba na mama."

"Mjomba ndiye aliyenilea."

"Alikuasili mahakamani?"

"Kwetu mjomba haendi mahakamani kumtafuta mpwa wake."

Ukumbi ukacheka. Yule kijana naye akacheka, kwa adabu. Alikuwa mtu wa kaskazini, kwao mtoto ni wa baba mpaka kaburini, na nilimwona kabisa anajiuliza mimi ni mtu wa namna gani nisiyejua nimezaliwa na nani. Akauliza kama baba yangu yuko hai. Nikasema yuko hai, yuko Mikese, anaziba pancha.

"Basi mjaze baba," akasema, akamgeukia mwenye swali la makato.

Hivyo ndivyo nilivyopangiwa. Mzee mwenye sukari, aliyenilea na kunisomesha, hakuwa mtu wangu. Mzee mwenye afya ya punda, ambaye tulikuwa tunaonana kwenye misiba, ndiye mtegemezi wangu, na wala hakuwa ananitegemea kwa lolote. Nikaikunja fomu nikaitia kwenye mkoba, na maandazi yangu mawili juu yake.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Kikao cha ukoo kikakaa barazani kwa mama, nikawasomea fomu. Wakasema nisome tena. Nikasoma tena. Mama akauliza hao walioandika karatasi hii wao wamezaliwa na nani. Mtendaji wa kijiji alikuwapo, si kwa cheo chake, bali kwa sababu ni mtoto wa mama mkubwa, yaani kaka yangu. Yeye akasema jambo hili mbona jepesi. Karatasi inamtaka mwanamume mkubwa anayehusika na mtoto. Huko kwa wenzetu mtu huyo ni baba. Huku ni mjomba. Mtu ni yuleyule, wamekosea cheo tu, na yeye kama mtendaji yuko tayari kugonga muhuri.

"Jina je?" nikasema. "Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mzee wa Mikese. Fomu na cheti lazima vifanane."

Wakafikiri. Kuku mmoja akapita katikati yetu, akafukuzwa, akarudi. Mwishowe mama akasema: "Basi jina liwe la yule, picha iwe ya huyu."

Naapa hakuna hata mmoja pale aliyeona kwamba tunadanganya. Ukoo mzima ulikuwa na uso wa watu wanaomsaidia ofisa kusahihisha kosa lake. Mimi nilijua, maana masjala nilishashika mafaili ya watu waliofukuzwa kazi kwa mambo madogo kuliko hilo. Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameukunja mguu wa kushoto ndani ya shuka ili nisiuone. Nikasema liwalo na liwe.

Lakini jina la mtu haliokotwi kama embe la njiani. Tulikubaliana niende kwa mwenyewe nikamwombe.

Nilimkuta baba kituoni Mikese, amepindua baiskeli ya mtu, anatafuta tundu la tairi kwenye karai la maji. Aliponiona alidhani kuna msiba. Nilipomwambia hakuna aliyekufa akatulia, akanawa mikono, akanipeleka nyumbani kwake nyuma ya kituo, na mkewe akapika wali na mchicha haraka haraka. Chakula kile hakikuwa na chumvi hata ya kusingizia. Nikasema moyoni, kumbe haya ndiyo aliyoyafuata, akamwacha mama yangu anavyojua kukoleza mboga. Nilikula kwa heshima, nikashushia na maji.

Kisha nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, maana kwetu baba humwachia mtoto jina na si mengi zaidi, na mimi nilikuwa nimekuja kulichukua hilo jina nimpe mwanamume ambaye vingine vyote alishavichukua. Baba alisikiliza huku akichokonoa grisi kwenye ukucha.

"Yaani kadi itakuwa na jina langu na sura ya shemeji."

"Ndiyo, baba."

"Basi kwenye kadi nitakuwa mzuri kweli." Akacheka. Mjomba kweli alikuwa mzuri wa sura, mpaka uzeeni. Halafu akauliza, "Na mimi nikiugua?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na jagi. Akasema, "Lakini si unajua kwamba..."

"Nauliza tu," baba akamkatiza. "Niugue nini mimi? Mwili huu haujawahi kulala kitanda cha hospitali." Akaupigapiga mkono wake wa kushoto kama anauza ng'ombe. "Chukua, mwanangu. Jina halichakai kwa kuvaliwa na wawili. Shemeji atibiwe."

Nilimshukuru. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia basi yeye mwenyewe, akamwambia kondakta, "Huyu ni binti yangu," jambo ambalo kondakta hakuwa ameuliza. Nilirudi mjini nimefurahi. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba baba yangu ni mtu mwepesi, hana makuu. Nikaongeza kwamba pengine ni kwa sababu hajali, na mume wangu, ambaye siku hizo alikuwa ameshajifunza kuchagua maneno, akaomba chai.

Kadi ikatoka. Mjomba alipigwa picha na koti la kuazima, anatazama kamera kama hakimu, na chini yake jina la fundi baiskeli wa Mikese. Kazi ikawa kumfundisha kuitikia. Nesi anaita jina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba ametulia anatazama dari, mtu wa mbali kabisa. Namsukuma kwa kiwiko. "Ah, mimi huyo," anasema kwa sauti, na mimi jasho linanitoka. Tukitoka nje analalamika. Anasema maisha yake yote hakuwahi kumwonea wivu shemeji yake kwa kitu chochote, sasa uzeeni anabebeshwa jina lake kama mzigo wa mkaa. Nikamwambia akitaka kurudi kwenye jina lake, arudi na kwenye benchi lake. Akacheka mpaka akakohoa.

Maana sasa tulikuwa na benchi jingine. Benchi la wenye bima lilikuwa jipya, limepakwa vanishi, hatua tano hivi kutoka benchi la msamaha, na dirisha lake peke yake. Na ajabu ya Mungu, kwenye dirisha hilo dawa zilikuwapo. Dawa zilezile ambazo miaka yote hazikuwapo, kwenye hospitali ileile, sasa zilikuwa zinapangwa mbele yetu na kuhesabiwa kwa kijiti. Hatukutoa kitu. Kidole kile kidogo kilikatwa, lakini mguu ulibaki, na mjomba akarudi kwenye migomba yake na fimbo moja. Mama alinitumia tenga la ndizi na salamu kwa yule kijana wa suti ya kijivu. Ndizi tulikula wenyewe.

Miezi minane ilipita hivyo. Ile Jumanne ya mwezi wa nane palikuwa na nesi mpya dirishani, mwanamke makini, miwani shingoni. Nilimpa kadi, tukakaa. Benchi la msamaha lilikuwa limejaa kama kawaida na mimi sikulitazama. Nilikuwa nimeacha kulitazama siku nyingi. Mtu akishapata kiti hapendi kuwaangalia aliowaacha wamesimama.

Nesi akaita jina. Mjomba, kama desturi yake, akatazama dari. Nikawa nainua kiwiko.

"Nipo, dada," sauti ikajibu upande wa pili.

Mzee mmoja alikuwa ameinuka kwenye benchi la msamaha. Alikuja mpaka dirishani, kofia mkononi, ananyata kama watu wanavyonyata hospitali. Alikuwa baba yangu. Alikuwa ameitwa kwa jina lake, akaja.

Nesi akamtazama, akavaa miwani, akaitazama kadi, akamtazama tena. "Mzee, hii kadi ni yako? Mbona picha si yako?"

Niliona kila kitu kwa pamoja: muhuri wa kaka yangu, faili langu mwenyewe masjalani, mguu wa mjomba. Mjomba alikuwa bado hajashtuka. Baba akageuka kutafuta nini kimetokea, akaniona. Akamwona shemeji yake pembeni yangu, na mguu uliofungwa bendeji juu ya ndala. Haikumchukua muda.

"Samahani, dada," akamwambia nesi. "Si mimi. Mwenye jina hilo ni mzee yule pale."

Akamwonyesha kwa kidevu, akarudi kwenye benchi la msamaha, akakaa. Nafasi yake ilikuwa imeshaanza kuliwa na wenzake, ikabidi ajibane pembeni.

Nilimwinua mjomba. Nesi akalinganisha picha na sura, akaridhika, akahesabu vidonge vya mwezi mzima. Akanipa karatasi nisaini. Palikuwa na mstari wa jina la mgonjwa, nikaandika jina la baba yangu. Palikuwa na mstari wa uhusiano wangu na mgonjwa, nikaandika mtoto. Nesi akanitazama usoni, akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa.

Nilimwacha mjomba na dawa zake nikaenda kwenye lile benchi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji amepata?"

"Amepata."

"Vizuri."

Mapajani alikuwa na barua ya mtendaji wake na daftari la kliniki, yale madaftari ya shule ambayo kila mgonjwa hununua mwenyewe ili daktari aandike. Juu ya ganda lilikuwa limeandikwa Presha, na chini yake Daftari la Pili. Mjomba naye alikuwa na madaftari kama hayo. Najua moja linachukua mwaka na zaidi kujaa. Kwa hiyo siku ile nakula mchicha wake usio na chumvi kwa heshima, alikuwa mgonjwa, na mkewe alikuwa anajua, na mimi nilirudi mjini nikasema hajali. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada. Nilitaka kumpa kitu, na nilichokuwa nacho ni dawa za sukari, ambazo haziteremshi presha ya mtu.

Nesi wa upande wa msamaha akatoka, akatangaza kwamba dawa za presha leo hakuna, waje Jumanne ijayo. Watu wakaanza kuinuka bila hata kunung'unika. Baba akaiingiza barua ndani ya daftari, akavaa kofia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Nilikuja mpaka kwako, baba. Ukasema huugui."

Akafikiri kidogo, kama anatafuta tundu la tairi.

"Tangu uzaliwe," akasema, "ndiyo ilikuwa mara ya kwanza unaniomba kitu."